Mkaja wa Mwajabu

Sogeeni karibu, na wa nyuma aje mbele, maana kesi hii haina hakimu ila nyinyi.

Muheza kulikuwa na walezi watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwantumu alijua kungoja. Fundi Shemdoe, mshona nguo, alijua kung'ang'ania. Bi Hidaya alijua kufuata. Wote watatu, kwa zamu, walimlea Mwajabu, na hakuna hata mmoja aliyemzaa.

Mama yake Mwajabu alifariki binti akiwa na miaka minne, na ndugu hawakupatikana. Afisa ustawi wa jamii akampeleka kwa Bi Mwantumu. Mtoto hasemi, na chakula ni cha kudonoa tu. Majirani wakashauri alazimishwe. Bi Mwantumu akakataa. Kila siku alitandika mkeka, akaweka sahani mbili, akala yake polepole bila kumtazama. Mwezi wa tatu mtoto alimaliza sahani, akafungua kinywa: "Chumvi haijakolea." Bi Mwantumu alicheka mpaka akalia. Miaka miwili baadaye macho ya Bi Mwantumu yaliingia giza, na mtoto akahamishwa.

Alihamia kwa Fundi Shemdoe na mkewe. Haukupita mwaka, yule mke akafa. Afisa akarudi kumchukua mtoto, akisema mwanamume peke yake hataweza.

"Huyu amefiwa na mama mara mbili," fundi akamwambia. "Mnataka na mimi nimfie nikiwa hai?"

Mtoto akabaki. Fundi alijifunza kusuka nywele kwa jirani, na kwa miaka saba Mwajabu alikwenda shule na mistari iliyopinda. Kwenye vikao vya wazazi fundi alikaa mbele, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga, akapelekwa kwao Lushoto.

Mwajabu alikuwa na miaka kumi na minne alipofika kwa Bi Hidaya, na alikuwa amechoka kuachwa. Safari hii aliamua kuacha yeye. Alitoroka mara nne. Kila mara Bi Hidaya alimfuata kwa miguu, hata kijijini Ngomeni, na hakumuuliza lolote.

"Twende," alikuwa akisema, "mlango nimeuacha wazi na mbuzi wa jirani hawana adabu."

Mara ya tano Mwajabu alifika njia panda, akageuka mwenyewe. Akamaliza shule, akasomea uuguzi, na juzi amechumbiwa.

Sasa sikilizeni palipokwama. Mahari ikija, huja na mkaja, kitambaa cha kujifunga tumboni cha mama wa binti, shukrani ya kubeba mimba na kulea. Mkaja ni mmoja. Mwajabu aliwaomba wakwe walete mitatu. Shangazi wa bwana harusi akamjibu kwa upole, "Tukileta mitatu, mwanangu, tutakuwa tumesema huna mama."

Neno hilo lilimchoma Mwajabu, kwa sababu ndilo aliloliogopa maisha yake yote.

Asubuhi ya siku ya mahari, wote watatu wakiwa wamekusanyika kwa Bi Hidaya, aliwaomba wao wenyewe waamue.

"Mimi nilimpata mdogo, kazi ilikuwa nyepesi," akasema Bi Mwantumu.

"Mimi mkaja nitaufunga wapi?" akasema Fundi Shemdoe, naye akatazama pembeni.

"Mimi nilikuja mwisho," akasema Bi Hidaya. "Mtoto alikuwa ameshalelewa."

Waliachiana hivyo kwa maneno. Lakini mshenga alipoingia na sinia, akauliza, "Mama wa binti ni nani, tumtunze?" Mwajabu, kwenye mlango wa chumba, aliona mambo matatu. Bi Mwantumu aligeuza uso kufuata ile sauti. Fundi alishika mkongojo kama anayetaka kuinuka. Bi Hidaya aliweka mkono chini kwenye mkeka, kisha akaurudisha mapajani.

Hakuna aliyesimama. Mshenga akauliza mara ya pili, na watu wote wakamgeukia binti. Akimtaja mmoja, wawili watarudi nyumbani wakijua walikuwa wapitaji. Akinyamaza, sinia litarudi na mkaja, na itakuwa kweli kwamba hana mama.

Mshenga anauliza mara ya tatu, na Mwajabu ameshafungua kinywa. Je, nyinyi mliokaa hapa, mngemtajia jina gani? Na wale wawili mngewaambia nini?