Gugumaji na Msonobari wa Bibi Badria

Mwenye chai na aiache ipoe, na mwenye safari na aketi kidogo, maana nataka kukusimulieni habari za mji wa Zahrani, uliotawaliwa na Sultani Dhulfikari bin Rashadi, mtu mwenye askari na farasi na hazina zisizo kifani, na pamoja na hayo yote akashindwa na jambo moja: kumtoa binti yake chumbani.

Binti huyo akiitwa Badria. Mama yake, Bibi Raihana, alipenda maua kuliko dhahabu, na aliacha wasia juu ya bustani ya jumba, kwamba ua lililofunguka lisikatwe na mkono wa mtu mpaka linyauke lenyewe. Alifariki wakati wa kiangazi, na siku zile zile za matanga bustani ikapukutika majani yote, na Badria alipotazama dirishani na kuona miti imebaki vijiti, alilifunga akasema hatalifungua tena kutazama vitu vinavyokufa. Ikapita miaka miwili, naye chakula akila cha kuonja na maneno akisema ya kuhesabu, na mwili ukazidi kukonda.

Basi Sultani akamwita mtunza bustani wake, kijana aliyeitwa Idarusi, akamwambia, "Ewe Idarusi, nimekupa udongo na nimekupa chemchemi, na kila kiangazi wanionyesha makaburi. Nakupa mwaka mmoja. Kiangazi kijacho nikishuka bustanini nisione kijani kilicho hai, cha kumfungulia mwanangu dirisha, utatoka katika mji huu wala hutarudi."

"Nimesikia, Maulana, na nimetii," akajibu Idarusi, na angejibu nini tena? Lakini alirudi kwao miguu mizito. Nyumbani alikuwa na mama yake, Bi Mwanashehe, aliyepooza miguu, asiyeweza kwenda hata kwa jirani asipobebwa. Mimi ningekuwa yeye ningetoroka siku ile ile, lakini mimi sina mama wa kubeba. Yeye alijua kwamba kufukuzwa ni kumwacha mama yake azikwe na watu baki, na hilo tu ndilo lililomnyima usingizi.

Sasa, katika bustani ile mlikuwa na ziwa, na kutoka ziwani mfereji ulipeleka maji katika visima vyote vya mji. Siku moja Idarusi alikuwa akizoa matope mferejini, akamkuta kobe mwenye pete ya shaba shingoni, imembana hata nyama imeivimbia. Akamhurumia. Akaketi naye tangu adhuhuri mpaka alasiri, akiikereza pete ile kidogo kidogo kwa kisu chake cha kupogolea, na ilipokatika akampaka kobe mafuta ya nazi penye kidonda. Na mara kobe akafura, akapanda, akawa jini ambaye kichwa chake kilipita paa la jumba, na sauti yake, ajabu, ilikuwa ya upole kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Usinikimbie, mwanadamu," akasema jini. "Miaka mia tatu nimebanwa na pete hiyo, na leo imebakiwa na amri mbili, na zote ni zako. Niambie shida yako."

Idarusi akamwambia. Jini akanyoosha mkono wa kulia, na kiganjani mna mmea wenye majani ya duara yanayong'aa, na vikonyo vilivyojaa hewa, na ua la zambarau lenye jicho la manjano. Akanyoosha wa kushoto, na mna tunda gumu lenye magamba, kavu, rangi ya mbao, ambalo hata kunguru asingeliokota.

"Sikiliza vizuri," akasema jini. "Huu wa kulia ni gugumaji. Hauombi udongo wala mbolea, huelea juu ya maji na mizizi yake ikining'inia, na mmoja huzaa kumi kabla hujamaliza kuusifu. Hukulipa leo, kisha hukudai. Na huu wa kushoto ni msonobari, mti wa milimani. Majani yake ni sindano, na kiangazi na masika kwake ni mamoja, hauvui kijani chake. Lakini mwaka wa kwanza utakupa shibiri moja tu. Huu hukudai kwanza, kisha hukulipa. Wala hakuna mbaya kati yao. Nikupandie upi kwa nguvu ya pete?"

Idarusi akahesabu moyoni: mwaka mmoja, shibiri moja. "Nipe ua," akasema. Na jini akalitupa ziwani, na tunda gumu akamwachia.

Mama yake akaambiwa habari hizo. "Mwanangu, una pupa," akasema.

"Ngojangoja huumiza matumbo, mama."

"Na kula mbichi je? Lete hilo tunda."

Akalivunja, akatoa mbegu tatu, akaziatika katika chungu kilichotoboka, akakiweka karibu na kitanda chake. Moja ikaota.

Lakini nani aliyekuwa na habari ya chungu? Baada ya siku saba ziwa lilikuwa zulia la kijani, na siku ya kumi likawa zambarau tupu, na harufu na rangi zikamfikia Badria kwa nyufa za dirisha, naye akalifungua. Akashuka. Akaketi ukingoni akacheka, na Sultani aliposikia kicheko kile alilia mbele ya watumishi bila haya, akamvika Idarusi joho lake mwenyewe. Na kila alasiri Badria na Idarusi wakawa wanazungumza penye maji, binti juu ya mama aliyemkosa, na kijana juu ya mama aliyeogopa kumkosa, na mapenzi yakaingia bila kubisha hodi.

Ikafika mwezi wa tano tangu ua litupwe ziwani. Gugumaji likawa halina tena mahali pa kwenda, likapandiana, likaingia mferejini. Samaki wakaelea matumbo juu. Visima vikanuka, na watoto wa mji wakaanza kuharisha. Watunza bustani walisimama na reki zao mikononi wakitazamana, kwa sababu ya wasia: ua lililofunguka halikatwi, na mmea ule haukuwa na siku hata moja isiyokuwa na ua.

Idarusi akamwita jini. "Liondoe," akasema.

"Pete huhimiza na hubeba, haing'oi," akajibu jini. "Kung'oa ni kazi ya mikono."

Basi Idarusi akavua lile joho, akalikunja, akaenda kupiga magoti mbele ya Badria. "Bibi yangu, mimi ndiye niliyekosa. Niliiogopea nafsi yangu, nikachagua cha upesi, na sasa furaha yako inawanywesha watu sumu. Nipe ruhusa tuvunje wasia wa mama yako, au nipe adhabu."

Badria aliingia majini mpaka magotini na nguo zake za hariri, akashika ua la kwanza, akaling'oa. "Mama alikataza kukatwa maua ili wageni wasijipambe nayo," akasema huku machozi yakimtoka. "Hakusema watoto wafe." Na waliokuwapo wakaingia, na wanawake wa mji wakaja na nyavu na vikapu, wakavuta siku tatu, na ziwa likapumua. Mlima wa magugu yale ukatandazwa kwenye vitalu uwe mbolea. Mche mmoja tu Badria aliuokoa, akauweka katika hodhi la jiwe usimoweza kwenda popote, na humo ulikaa kwa adabu. Lakini jioni ile alirudi chumbani akafunga dirisha, kwani kwa mara ya pili alichokipenda kilikuwa kimekufa.

Kiangazi kikaja, kikali. Majani yakapukutika kama ada. Idarusi akauhamisha msonobari wa mama yake, akaupanda bustanini mkabala na dirisha lile, akauzungushia magugu makavu kutunza unyevu, na kila alfajiri akambeba mama yake mgongoni, akamleta aumwagilie kwa mkono wake. Ulikuwa shibiri moja, kama alivyoambiwa.

Siku moja kabla ya hukumu jini akaja mwenyewe. "Umebakiwa na amri moja. Niuhimize? Kesho asubuhi utalipita jumba."

"Na ukihimizwa utakuwaje?"

"Utakuwa mrefu, na hautakuwa na kiini. Upepo wa kwanza utauangusha juu ya yeyote aliyekaa chini yake."

Idarusi akalitazama dirisha, maana alijua nani angekaa chini yake. Akasema, "Uache ulivyo. Amri yangu ni hii: nikifukuzwa, mbebe mama yangu popote nitakapokuwa." Na jini akainamisha kichwa.

Kesho yake Sultani akashuka, akapita katikati ya vijiti vikavu, akasimama mbele ya mche. "Hiki ndicho? Mbuzi mmoja, tonge moja. Idarusi, nilikupenda, lakini neno la Sultani halirudi nyuma. Kachukue vitu vyako."

Idarusi akainama. Na alipogeuka, dirisha likafunguliwa.

"Baba," akasema Badria, "siku arobaini nimekuwa nikiuchungulia kwa ufa wa dirisha, nione umekufa lini. Kila asubuhi najiambia, leo. Haujafa." Akaunyoshea mche kidole. "Mwache aliyeupanda. Nataka kuuona na kesho."

Miaka mitatu mwanawe hakuwa ametaja kesho. Sultani akaketi pale pale mavumbini, akasema, "Neno langu limetimia: kijani hai, na dirisha wazi." Kisha akamwozesha Idarusi binti yake kwa sharti moja, kwamba arusi ingoje mpaka msonobari utoe kivuli cha mkeka mmoja. Watu walicheka wakasema huyo mzee anatania. Wakangoja miaka sita.

Na siku ya arusi mkeka ukatandikwa, kivuli kikaenea ncha kwa ncha, na Idarusi akapewa nusu ya bustani na nyumba ya ghorofa. Hapo likatokea kobe kubwa lisilo na pete, na juu ya gamba lake amekaa Bi Mwanashehe, amevaa mtandio mpya. Hakufukuzwa mtu hata jini ambebee mama, lakini alikuwa ameahidi kubeba, naye alibeba.

Akateremshwa mkekani, akagusa shina la mti, akamwambia mwanawe, "Unaona? Mbegu mbili hazikuota, nami sikukuambia, usije ukakata tamaa na hii ya tatu." Basi nanyi mkipanda, pandeni yote mawili, la leo na la kesho, ila la leo litieni katika hodhi.