Mwanandani wa Mzee Shekuwe

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja uliojengwa juu ya mchanga aliishi mja mwema aitwaye Mzee Shekuwe. Mkewe, Bi Mwanatenga, alifariki bila ya kujaaliwa mtoto. Mzee akajichimbia kaburi ubavuni pa mkewe, kama walivyozoea wachamungu wa zama zile, na kila baada ya alasiri alishuka humo kusoma Yasini. Dunia ilikwisha kumchosha. Alilotamani ni kulala pale tu.

Enyi ndugu, kaburi lina chumba chake. Chini kabisa, upande wa kibla, huchongwa nafasi ya kumlaza maiti, kisha hufunikwa kwa mbao. Wazee wetu waliiita mwanandani. Mimi nikilitamka neno hilo husikia mwana na ndani, mtoto aliyetulia tumboni mwa mamaye, na moyo wangu hupoa. Asili yake hasa Mungu ndiye ajuaye.

Basi masika moja, mama mmoja msafiri alifiwa na bintiye mdogo mjini humo. Wachimbaji wakahangaika huku na huku. Kila mwanandani waliouchonga uliporomoka kwa mvua. Uliosimama imara ni ule wa Mzee Shekuwe, maana aliukinga kwa makuti. Wote walijua, na wote wakainamisha macho kwa haya. Mzee naye akakumbuka mahali pake ubavuni pa mkewe. Ilimuuma, wallahi.

Yule mama akauliza toka mlangoni pa nyumba ya msiba walipokusanyika, "Baba zangu, mwanangu alale wapi?"

Mzee akajibu, "Pangu pako tayari, binti yangu. Kando yake yupo mke wangu. Hatakuwa peke yake."

Wakamzika. Mzee akarudi nyumbani akalia sana, kwa kuwa upande wa pili wa Bi Mwanatenga palikuwa na kaburi la siku nyingi. Nafasi haikubaki tena.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, alisinzia juu ya mswala. Akamwona mkewe ameketi penye mwanga mwororo wa rangi ya maziwa, kapakata mtoto. Mzee akafungua kinywa kumwomba radhi. Bibi akatia kidole mdomoni.

"Polepole, bwana. Ndiyo kwanza mwanetu amelala."

Mzee alipofariki alizikwa mbali, ukingoni mwa makaburi, wala hakuwa ameusia lolote juu ya mahali. Nasi tunaogombania hata safu ya mbele msikitini, Mola atulainishe nyoyo.