Baiskeli Isiyokwenda Popote

Hapo zamani za kale, mwaka ambao sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilianguka kabla mahindi hayajaisha kuvunwa, Swala alihama mlimani. Alishuka bondeni kukimbia baridi, na hakusema atarudi lini.

Kwa wanyama wengi, wanangu, hiyo haikuwa habari. Kwa shemeji yake, Pimbi, ilikuwa habari mbaya. Pimbi alikuwa na mashine ya kusaga mahindi katika chumba cha nyuma cha pango lake. Mashine haikuwa na injini. Ilizungushwa na mkanda, mkanda ulizungushwa na gurudumu la baiskeli, na baiskeli iliendeshwa na miguu mirefu ya Swala.

Pimbi alipanda kujaribu. Miguu yake iliishia hewani. Pedali zilikuwa mbali, huko chini.

"Baba Sekela, shuka kabla hujavunjika," alisema mkewe.

Alishuka. Siku hiyohiyo akaitwa na Simba.

"Binti yangu anaolewa," alisema Simba. "Mahindi ya ugali wa harusi yanakuja kwako leo. Mwezi ukiwa mpevu nataka unga."

"Utaupata, mkuu."

"Nisipoupata, jabali lako nampa Nguchiro. Ameliomba siku nyingi."

Pimbi aliishi ndani ya jabali hilo na kuota jua juu yake. Wakati wa kipupwe lilikuwa mahali pekee mlimani palipopata jua la asubuhi, na watoto wa pimbi wasipoota jua la asubuhi, mchana hawaufikii. Akarudi nyumbani, akamweleza mkewe.

"Nenda kwa Nyati na Kiboko," alisema Mama Sekela. "Wana miguu, na kazi hawana."

"Wale? Wasage mahindi?"

"Kaombe. Mdomo unao."

Aliwakuta uani kwa Nyati, mbele ya moto. Kiboko alikuwa ametoka mtoni kwa sababu maji yalikuwa ya baridi, na tangu kipupwe kianze hakuwa amefanya jambo jingine ila kuota moto wa Nyati na kula chakula cha Nyati. Pembeni, mke wa Nyati, Mama Ambwene, alikuwa akisaga mahindi kwa mawe, maana mashine ya Pimbi ilikuwa imefungwa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Pimbi akaeleza shida yake.

"Ebo!" Nyati alisema. "Mimi, dume zima, na pembe hizi, nisage mahindi?"

"Kazi ya akina mama hiyo," alisema Kiboko.

"Dume akigusa unga, pembe zinalegea. Babu yangu aliniambia."

"Na mimi babu yangu aliniambia, ingawa sina pembe."

Mama Ambwene hakuinua kichwa. Kwaru! Kwaru!

Pimbi akageuka aende zake. Nyuma yake alimsikia Kiboko akitaka kuinuka asogeze gogo motoni. "Hh! Hhh! Baba Ambwene, nipe mkono." Nyati akampa mkono. Wote wawili wakaanguka. Puu!

Pimbi akasimama. Akarudi.

"Wazee wangu, ya mahindi tuyaache. Baba Ambwene, jana nilikuona ukitoka mlangoni kwako ubavu-ubavu."

"Mlango umesinyaa kwa baridi," alisema Nyati.

"Inawezekana. Lakini harusi iko karibu, na mlango wa Simba nao umepigwa na baridi hiyohiyo. Mtakaa nje na mifupa?"

Kiboko, ambaye alikuwa kapera, alilitazama tumbo lake. "Nasikia watakuja majike kutoka bondeni."

"Watakuja. Ndiyo maana nawaambia: kwangu kuna baiskeli ya mazoezi. Unaendesha ukiwa ndani, upepo haukupigi, sakitu huioni."

"Inakwenda wapi?" aliuliza Nyati.

"Haiendi popote, mzee. Hapo ndipo penye utaalamu."

Nyati na Kiboko walitazamana. Madume hawakuwa wamewahi kukanyaga kwa Pimbi. Kupeleka mahindi kusagwa ilikuwa kazi ya akina mama, nao walipita mlango wa nyuma. Kwa hiyo hakuna dume aliyejua mashine inafananaje.

Asubuhi yake Pimbi aliwaingiza kwa mlango wa mbele. Baiskeli ilikuwa imesimama juu ya stendi ya mawe, gurudumu la nyuma likiwa juu juu. Mkanda ulitoka kwenye gurudumu ukapita tundu la ukutani.

"Kamba hiyo je?" aliuliza Nyati.

"Imeishikilia isikimbie na wewe."

"Ah! Vizuri umeifunga."

Nyati akapanda. Nyeee! Baiskeli ililalamika. Akakanyaga pedali, na nyuma ya ukuta, ambako Mama Sekela alikuwa amesimama na debe la mahindi, pakaanza kunguruma. Ngurrr! Ngurrr!

Nyati akaacha. "Nini hicho?"

"Mafuta yako," alisema Pimbi.

"Mafuta yangu?"

"Yanayeyuka. Ukikaza, yanalia zaidi."

Nyati akakaza. Ngurrrrr! "Kiboko! Unayasikia?"

"Nayasikia! Shuka, nami nisikilize yangu!"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mmoja anaendesha, mwenzake anamhesabia zamu na kumzomea. "Yako yanalia kama ya mtoto!" "Wewe yako ni maji matupu!" Wakitoka wanahema, wanarudi kwenye moto wa Nyati, na wanaukalia mbali kidogo kwa sababu sasa wana joto lao.

Kisha ikaja asubuhi ambayo sakitu ilifanya nyasi zote nyeupe. Hakutokea mtu. Nusu ya mahindi ya Simba yalikuwa bado kwenye magunia, na mwezi ulikuwa unanenepa. Pimbi alikwenda mbio hadi kwa Nyati. Akawakuta wamejifunika blanketi moja.

"Leo tumepumzika," Kiboko alisema kutoka ndani ya blanketi.

"Ole wenu. Mafuta yana akili, wazee wangu. Mkiyaacha siku moja yanarudi."

"Yarudi tu. Kesho tutayafukuza."

"Yanarudi na ndugu zao."

Blanketi likatulia. Kisha likatetemeka, na Nyati akatoka. "Kiboko, amka. Mimi ndugu wa mafuta sitawalisha. Wewe mmoja unatosha."

Siku ile waliendesha hadi jua likapinda.

Sasa, unga una tabia yake: haukai mahali ulipoambiwa. Ulipita kwenye tundu la mkanda kidogo kidogo, ukatua juu ya anayeendesha. Kiboko ndiye aliyeuona kwanza.

"Mbona umekuwa mweupe?" alimuuliza Nyati.

"Jasho," alisema Pimbi haraka. "Likikauka linaacha chumvi. Asiyekuwa mweupe hajafanya mazoezi."

Basi Nyati akaacha kujipangusa. Alitembea kijiji kizima na weupe wake, kichwa juu, akisalimia hata asiowajua. Alipofika nyumbani akainama mbele ya mkewe.

"Mama Ambwene, ona jasho la mwanamume."

Mama Ambwene alipitisha kidole kwenye paji la uso wa mumewe. Akakilamba.

"Chumvi hii haina chumvi," alisema.

"Ni chumvi ya ndani. Huwezi kuijua."

Hakubishana naye. Alikuwa amesaga mahindi tangu utoto, na ladha ile aliijua. Kesho yake alimwacha mumewe atangulie, kisha akazunguka jabali hadi mlango wa nyuma, akausukuma.

Ngurrr! Ngurrr! Mashine ilikuwa inazunguka. Mama Sekela alikuwa na unga hadi masikioni. Pimbi alikuwa ameshika mdomo wa gunia, na alipomwona mgeni, akauachia. Pwaa! Unga ukamwagika miguuni pake.

"Hodi," alisema Mama Ambwene.

Pimbi alipiga magoti kwenye unga.

"Dada yangu," alinong'ona, "kesho mwezi ni mpevu. Limebaki gunia hili moja. Ukisema neno, Nguchiro analala hapa, na wanangu wanakufa kwa baridi huko nje. Nipige wewe, lakini usimwambie."

Mama Ambwene alisikiliza. Nyuma ya ukuta mumewe alikuwa akiimba kwa sauti nene na kuendesha kwa nguvu zake zote. Alitazama mikono yake mwenyewe, mgongoni na viganjani.

"Huyo anasaga laini, au wa chenga?"

"Laini, akiimba," alisema Pimbi. "Akinuna, wa chenga."

"Basi msimnunishe."

Akatoka. Pimbi alibaki amepiga magoti. Hakujua kama amepona au amekwisha. Kisha mlango ukafunguka tena, na Mama Ambwene akaingia na debe la mahindi kichwani. Nyuma yake alikuwa mke wa Kifaru na debe lake, na nyuma yake mke wa Nguruwe.

"Gunia la Simba kwanza," alisema. "Halafu haya yetu. Na mwambie yule bwana kwamba mazoezi ya asubuhi peke yake hayatoshi. Kuna na ya jioni."

"Kifaru naye ana kitambi," alisema mke wa Kifaru. "Nimwambie aje lini?"

Harusi ilifanyika mwezi ulipokuwa mpevu, na unga ulifika. Nyati aliingia kwa Simba mbele kwa mbele, bila kugusa miimo. Kiboko alicheza ngoma mbele ya majike wa bondeni, akapumzika, akacheza tena.

Simba alimega tonge, akalitafuna polepole.

"Unga laini huu. Nani kausaga?"

Pimbi alitazama sahani yake. "Kazi ya miguu, mkuu."

"Ya mikono, unataka kusema."

"Nimekosea, mkuu."

Nyati akacheka, akapiga meza. Pah! "Unga ni wao akina mama, mkuu. Mimi katika maisha yangu sijasaga hata punje. Tazama pembe zangu zilivyosimama!"

"Zimesimama," alikubali Mama Ambwene, akamwongezea ugali.

Jabali likabaki la Pimbi.

Fundisho lake ni hili, wanangu: anayeona aibu kuifanya kazi ataifanya kwa furaha ukiibadilisha jina.

Asubuhi iliyofuata sakitu ilianguka tena. Nyati alifika kwa Pimbi kabla ya jua, akamkuta Kiboko amekwisha panda, na Kifaru yuko mlangoni anauliza zamu yake ni lini.