Sultani na Shukrani ya Mlangoni

Hapo zamani, katika mji wa Shungamani, palikuwa na mpishi wa Sultani aitwaye Dadi, fukara ambaye kila siku alinukia pilau asiyoila. Desturi ya mji ule ilikuwa mtumishi afanye kazi mwezi mzima, na ujira wake ukae hazina hadi mwezi uandame. Na mwezi, kama ujuavyo, hauna haraka na mtu.

Basi akatokea mtu aitwaye Abdisalami, shemeji yake mweka hazina, akaweka kiti chake nje ya mlango wa jikoni. Mtumishi aliyebanwa na shida humwendea, naye humpa papo hapo ujira wa siku alizokwisha kufanya kazi. Mwezi ukiandama, Abdisalami huuchukua ujira ule hazina. Riba hakutoza, hasha! Alipokea shukrani tu, kwa hiari ya mtu. Ila asiyeshukuru, safari ya pili humkuta Abdisalami amefumba macho, anavuta uradi, hasikii.

Dadi naye alishukuru. Mwezi wa kwanza alishukuru kwa sababu ya kodi ya nyumba. Na kwa kuwa ujira ulikuwa umeshamegwa, mwezi wa pili akaenda mapema zaidi, akashukuru zaidi. Ikawa mimba ya mkewe, Mize, imefika mwezi wake, na nyumbani hamna hata kanga ya kumpokelea mtoto. Jambo hilo lilimuuma Dadi hata akawa anatia chumvi chunguni mara mbili.

Manung'uniko ya watumishi yakamfikia Sultani Farhani. Akakusanya wanavyuoni, wakabishana tangu asubuhi hadi adhuhuri: je, huu ni mkopo au si mkopo? Ikatoka sheria, ikapigiwa mbiu. Si mkopo, kwa kuwa mtu hawezi kukopa kilicho chake. Abdisalami apewe idhini yenye muhuri. Na kila atoaye shukrani atamke kwa kinywa chake kwamba ametoa kwa moyo mkunjufu. Watu wakarudi makwao wakiwa wamelindwa.

Dadi, aliyekuwa akiwapakulia wanavyuoni chakula, akaguna.

"Ewe mpishi, waguna nini?" akauliza Sultani.

"Maulana, ni huo moyo mkunjufu. Wangu nimeukunjua hata umechanika."

"Mtu apewe kilicho chake, tena kabla ya wakati wake, kisha apate hasara? Haiwezekani. Nionyeshe hasara hiyo kwa macho yangu kabla ya kulala kesho. Ukishindwa, jiko utalihama, na mji pia."

Dadi akarudi nyumbani. Mji wauhame, na Mize katika hali ile? Akamweleza mkewe yote. Mize akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu, usiwe na wasiwasi. Kesho nami nitakuja kazini."

Kesho yake adhuhuri Sultani akakaa kula, sinia halikuja. Akamwita Dadi.

"Chakula ki wapi?"

"Kipo, Maulana, kimeiva, na ni chako, hapana abishaye. Ila jikoni tuna desturi mpya: cha mchana na cha usiku hupakuliwa pamoja, baada ya isha. Lakini kama Maulana ana haja, mlangoni yupo mwanamke, atakupa sasa hivi."

Mlangoni alikuwa Mize, ameketi kitini, sinia ameliegemeza tumboni. "Pilau hii ni yako, Maulana," akasema. "Sikutozi kitu. Shukrani tu, kwa hiari yako."

Sultani akacheka, akachukua sinia, hakuacha shukrani yoyote. Alasiri akataka halua yake. Akamkuta Mize amefumba macho. Akakohoa. Mize hakusikia. Basi Sultani akatamka, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba anatoa kwa moyo mkunjufu, akaacha nusu ya halua. Magharibi njaa ikamrudia, akaja bila kuitwa, akaacha paja la kuku na samaki mzima.

Ikafika isha. Dadi akaleta sinia kubwa la fedha, akalifunua. Ndani mlikuwa na kipande cha ndimu.

"Chakula changu cha usiku ki wapi?"

"Maulana umeshakila, na kilichobaki umekishukuru. Ukiwa na njaa, Mize yupo mlangoni. Atakupa cha kesho."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwenda upande. "Ama mmeniweza! Lakini niambie, mkeo fukara kama wewe, chakula chote kile amekitoa wapi?"

"Jikoni mwako, Maulana. Ni kile kile chako. Sisi tulikizuia tu."

Sultani akaacha kucheka. Akamgeukia mweka hazina, aliyekuwa ameketi barazani pamoja naye. "Na shemeji yako, fedha anazowapa watu wangu huzitoa wapi?"

Mweka hazina akalitazama zulia kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Basi sheria ile ikafutwa, na safari hii wanavyuoni hawakuhitajika. Ikawa kila mtumishi hulipwa alasiri, kazi ya siku hiyo ikiisha. Dadi akarudishiwa kila alichomegwa, na Mize akajifungua binti katika kanga mpya. Abdisalami akatiwa jikoni kusugua masufuria, na yeye peke yake, kwa amri ya Sultani, akawa analipwa mwezi ukiandama. Akibanwa na njaa humwendea Mize kuomba unga, naye Mize humpa kibaba kizima, akarudi zake ndani kunyonyesha. Abdisalami hubaki amesimama pale mlangoni, hajui aache nini.