Kichwa cha Bi Tunu Ukutani

Kaeni mnisikilize, kisha nami nitanyamaza niwasikilize nyinyi, maana hadithi hii nimeletewa bila mwisho wake.

Morogoro, jirani na soko, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Sikudhani alijaliwa subira ya kujifunza. Chiku alijaliwa mkono. Tabia, msusi wa saluni ya Bi Tunu, alijaliwa vidole vinavyokijua kichwa cha mtu hata akifumba macho.

Tuanze na Sikudhani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Kwenye simu yake alipata masomo ya kuchora vichwa, ya mwalimu wa mbali aliyesema Kiingereza cha haraka. Sikudhani alisimamisha video, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena mpaka akaelewa. Chora mpira kwanza. Kata mpira ubavuni. Shusha taya. Macho yakae katikati ya kichwa, si juu kama wengi wanavyodhani. Kwa miezi minane alijaza madaftari matatu. Vichwa vyake vilikuwa sahihi kwa kila kipimo, ila hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu ndani.

Chiku, jirani yake, hakuwa na simu. Alikuja kila alasiri na mchicha wake wa kuchambua, akachungulia begani kwa Sikudhani. Siku moja akaokota kipande cha mkaa, akachora juu ya mfuko wa saruji uso wa mama muuza maandazi. Uso huo ukawatazama kana kwamba unataka kuwaambia maandazi yamekwisha.

"Nani kakufundisha?" Sikudhani akauliza.

"Wewe hapo, dada Siku!"

Sikudhani akacheka, lakini moyoni aliwaka. Miezi minane! Na huyu kachungulia tu, tena mikono yake iko kwenye mchicha. Tangu siku hiyo akawa anatazama masomo yake akiwa ameupa ukuta mgongo, simu ameisogeza karibu na kifua, mtu asichungulie. Somo la masikio Chiku hakuliona kabisa.

Ndipo Bi Tunu akataka ukuta wa saluni yake uchorwe, upande wa barabara.

"Nataka kichwa changu mimi, na misuko yangu ya twende kilioni, si mzungu wa kalenda," akasema. "Na chini aandikwe fundi. Jina moja, namba moja ya simu. Mteja akipiga apokee mtu, si kikao."

Mnaelewa maana yake. Saluni za mji ule ni nyingi, na kila mwenye ukuta angeipiga namba hiyo. Sikudhani alikuwa ameshaliona jina lake pale, kwa herufi nyekundu. Lakini Bi Tunu alipouona ule mfuko wa saruji, brashi akampa Chiku.

Chiku akapanda kwenye stuli. Macho yakaja, pua ikaja, tabasamu la Bi Tunu likaja na pengo lake. Kisha masikio. Akayaweka juu, karibu na utosi, yametokeza kama vishikio vya hotipoti. Wapita njia wakashika mbavu.

"Bi Tunu, sasa utatusikia mpaka Dodoma!"

"Ikifika saa kumi hayajashuka," Bi Tunu akasema, "namwita mchora mabango wa sokoni."

Sikudhani alikuwa amesimama palepale, mikono kifuani. Kwa muda mfupi alionja raha. Msimhukumu haraka, raha hiyo wengi wameionja. Kisha akaona Chiku anayafuta masikio kwa kiganja, hajui ayaweke wapi. Akaona pia kwamba mchora mabango akija, hakuna jina la yeyote kati yao litakaloandikwa. Akamshusha Chiku, akapanda stuli.

"Sikio huanzia usawa wa nyusi, huishia usawa wa pua. Nyuma ya taya, hapa." Akapima kwa mpini wa brashi, akaweka nukta nne. Chiku akazifuata, na masikio yakatulia mahali pake.

"Kumbe ulikuwa unajua," Chiku akasema polepole.

"Nilikuwa najua."

Zikabaki nywele. Mwalimu wa kwenye simu alifundisha kwamba nywele ni kivuli kimoja kizito, naye alikuwa na nywele za kulala. Wakapaka nyeusi tupu. Tabia akatoka ndani, mikono ina povu la shampuu.

"Mmemvalisha bosi wangu helmeti!"

"Wewe kasuke," Chiku akamwambia. "Huku ni kuchora."

Neno lile lilimchoma. Kwa miaka kumi watu wameondoka na kazi ya Tabia kichwani, na baada ya wiki mbili wameifumua. Na hawa wawili kazi yao ibaki ukutani mwaka hata mwaka! Akachomoa kitana chake cha mkia, akaanzia kwenye paji la uso, akaikwaruza rangi mbichi mstari baada ya mstari, kila mmoja ukipinda kama fuvu linavyopinda, hadi kisogoni. Kichwa kilichokuwa bapa kama sahani kikajaa, kikatoka ukutani.

Sikudhani akausogelea ukuta. Ule mpira alioutafuta miezi minane kwenye madaftari, Tabia alikuwa anaushika kila siku. Sasa wivu wake ulikuwa na watu wawili.

Bi Tunu akatazama, akajigusa kisogo taratibu. "Huyo ni mimi," akasema.

Kisha akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyekundu, akampa Sikudhani, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri. "Andika jina la aliyechora. Moja."

"Uso ni wangu," Chiku akasema. "Ondoeni mkono wangu, mtabaki na nukta nne ukutani."

"Kichwa ni changu," Tabia akasema. "Kabla yangu kilikuwa sahani yenye helmeti."

"Na bila masomo yangu," Sikudhani akasema, "mpaka sasa kingekuwa hotipoti."

"Ungenifundisha mapema," Chiku akamjibu, "nisingechekwa."

Sikudhani aliinua mkono mpaka ncha ya brashi ikakaribia kuugusa ukuta.

Basi semeni, nyinyi mliokaa kimya muda wote. Je, aliyechora ni yule aliyejifunza kwa taabu kisha akaficha? Ni aliyechungulia begani kisha akatia uhai? Au ni yule ambaye hakusoma somo hata moja, na bado kichwa kikajaa mikononi mwake? Rangi imeanza kukauka. Kama brashi hiyo ingekuwa mkononi mwako, na jina lako likiwa miongoni mwa yale matatu, ungeandika la nani?