Bwana Chui na Viatu vya Mchuchumio

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesimama?

Akae!

Aliyekaa?

Asogee!

Anayelia?

Anyamaze, hadithi inapita!

Basi ipisheni njia. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliikuta imeshachakaa, palikuwa na jabali, na juu ya jabali waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kama mkate wa kumimina, hana mkia, hana pembe, hana makucha ya maana. Kazi yake ya asubuhi ni kuota jua. Na desturi yao ni hii: wote wakiota jua, mmoja hukaa kileleni akilinda. Akiona madoa, hupiga mbinja: fiii! Akiona mkia mrefu, fiii! Na pimbi wote, puru puru puru, ndani ya nyufa za mawe.

Miongoni mwao alikuwamo Siwatu, mama kijana, ndio kwanza amejifungua, na kitinda mimba wake akiitwa Mize. Na Siwatu alikuwa mwoga. Jani likianguka, Siwatu ameruka. Kunguru akikohoa, Siwatu ameruka. Tena akiogopa husema mbio mbio, maneno yanamtoka yakikanyagana kama mbuzi wanaogombea mlango, mpaka wenzake wanamcheka: "Siwatu, meza mate kwanza!"

Sasa Chui. Chui alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi, na alikuwa na kitu kimoja kikubwa kuliko nguvu na ulafi: alikuwa kimya. Akitembea, nyasi haijui kama imekanyagwa. Lakini kwa pimbi alipata mmoja mmoja tu, tena kwa tabu, kwa ajili ya ile mbinja. Na mmoja hamtoshi. "Pimbi mmoja ni wa kusukutulia," alikuwa akisema.

Asubuhi moja zamu ya ulinzi ilikuwa ya Shangazi Mashavu, mtu mzima, ana mafua. Akapiga chafya, na katika kupiga chafya akafumba macho, na katika kufumba macho, Chui akapita.

Siwatu alipogeuka, madoa yako mbele yake. Akajitumbukiza ndani ya ufa wake, akawasukuma watoto nyuma, akajibana mbele yao. Lakini ufa wenyewe mfupi, ufa wa kuzalia tu. Chui akaingiza mkono. Kwaruu! Makucha yakamgusa Siwatu manyoya. Kwaruu! Makucha yakapita sikioni mwake, bado kidogo tu yaifikie pua ya Mize.

"Toka mwenyewe, mama watoto," akasema Chui. "Usinichoshe asubuhi asubuhi. Nikikutoa mimi utatoka vipande."

Siwatu akaogopa, na kuogopa kukamfungua mdomo.

"Shikamoo Mjomba, karibu sana Mjomba, lakini jamani, ndiyo umekuja hivyo hivyo? Hivyo hivyo, bila vazi? Mtu mkubwa kama wewe, jina lako linajulikana, umekuja kutula na ngozi ya kushindia nyumbani?"

Mkono ukasimama.

"Ngozi gani ya kushindia nyumbani?"

"Hiyo ya madoa! Sisemi kwa ubaya Mjomba, mimi nani hata niseme, lakini shujaa kwenye maigizo yetu hatoki hivyo, shujaa anatoka na joho, anatoka na kola, anavuka jangwa na nguo nyeupe na vumbi halimshiki, anapigana na jeshi zima na nywele hazijamlala upande, na viatu vyake virefu hivi, vya mchuchumio, na anaruka navyo juu ya mapaa."

Yeye mwenyewe hakujua maneno yale yanakwenda wapi. Alikuwa akiyafuata nyuma tu.

"Maigizo gani?" akauliza Chui.

"Ya mwezi ukiandama! Hapo kwenye bamba la jabali, pimbi wote wanatoka, wazee, watoto, wenye mimba, hata mlinzi anashuka, nani atakubali kukosa? Wanakaa chini wanatazama. Sasa ukitula sisi hapa Mjomba, umepata kitafunio. Lakini ukija kama shujaa..."

"Wote?"

"Wote, Mjomba."

"Wamekaa?"

"Wamekaa, tena wanapiga makofi."

Chui akameza mate. Kisha akafikiri kidogo, maana hakuwa mjinga, alikuwa mlafi tu.

"Na mlinzi? Si ataniona, apige mbinja?"

"Ataona nini? Mlinzi anatafuta madoa, madoa yamo ndani ya joho. Anatafuta mkia, mkia umo ndani ya joho. Ataona shujaa tu."

Chui akautoa mkono taratibu. Akainamisha jicho moja kwenye ufa, jicho la rangi ya asali, likapita kwa Siwatu likamwangukia Mize.

"Nishonee," akasema. "Na ukinichezea, wa kwanza ni huyo mdogo."

Akaenda zake. Hata nyasi haikujua.

Siwatu alipowaeleza wenzake, jabali lilichafuka.

"Umefanya nini?" akapiga kelele Shangazi Mashavu. "Siwatu mwanangu, umemwalika Chui? Kwa mdomo wako?"

"Shangazi mkono wake ulikuwa ndani, ulikuwa ndani kabisa, ningesema nini?"

"Ungesema 'fiii' kama watu!"

"Shangazi, wewe ulikuwa unapiga chafya."

Shangazi Mashavu akajipangusa pua. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na hilo joho, urefu wake kiasi gani?"

"Refu, Shangazi. Refu sana."

Basi wakaitwa mnana, wale ndege wafumao viota, wakafuma joho. Akaitwa kigong'ota, akachonga viatu kwa mdomo wake, ko-ko-ko-ko, viatu vinne, maana Chui ana miguu minne. Mbuni akatoa manyoya ya kilemba. Kobe mzee aliacha magamba yake alipokufa, yakawa mabega. Na njuga zikafungwa kila mahali palipofungika njuga.

Chui akaja kupimwa. Mnana wakamrukia mgongoni, wakaanza kufunga, fundo kwa fundo, kuanzia kisogoni mpaka mkiani.

"Kola hii mbona inanifika puani?" akauliza Chui.

"Ili usitazame chini, Mjomba," akajibu Siwatu. "Shujaa hatazami chini. Chini kuna nini?"

"Joho hili mbona refu? Nikikimbia je?"

"Shujaa akimbie, anamkimbia nani?"

"Na viatu hivi? Nasimama kama niko juu ya mayai."

"Ndiyo mchuchumio wenyewe. Mashujaa wote wanapigana humo humo."

"Hawaanguki?"

"Kwenye hadithi? Hajapata kuanguka mtu."

Chui akatikisika. Chaka-chaka-chaka.

"Na njuga? Mimi huwinda kimya."

"Mwindaji ndiye huwinda kimya, Mjomba. Wewe usipolia watajuaje kwamba hadithi ni yako?"

Chui akazitikisa tena. Na kusema kweli, alipendeza. Hata mnana waliokuwa wakimfunga walirudi nyuma wakamtazama, mmoja akasema, "Lo, laiti angezaliwa hivi." Chui akasikia. Akanyoosha shingo, kadiri kola ilivyomruhusu.

Mwezi ukaandama, na kesho yake asubuhi pimbi wakatoka. Wakakaa kwenye bamba la jabali kama ilivyoahidiwa, wazee, watoto, wenye mimba, wote wanatetemeka, na kila mmoja mgongo wake uko karibu na ufa. Shangazi Mashavu akashuka kileleni. Siwatu akakaa mbele, amewaficha watoto chini ya tumbo.

Kutoka bondeni wakasikia. Ko, ko, ko, ko. Chaka-chaka-chaka. Shwaaa. Ko, ko, ko, ko. Chaka-chaka-chaka. Shwaaa.

Akatokeza. Kilemba kwanza, kisha mabega, kisha Chui. Joho lilikuwa bado linapanda jabali wakati yeye ameshafika juu.

Akawaona. Wote. Wamekaa. Mate yakamjaa, akashindwa kuyatema kwa ajili ya kola. Akajikunja kwa nguvu zake zote, akaruka.

Mbele akaruka yeye, nyuma likabaki joho, maana viatu vya nyuma vilikuwa vimelikanyaga. Kibuu! Akaanguka kifudifudi. Kisha pimbi mmoja akacheka, akashindwa kujizuia, akapiga makofi. Na wengine wakapiga.

Chui akainuka. Ko, ko, ko, ko. Akarusha mkono wa kuulia ng'ombe. Lakini mikono ya joho ilikuwa mirefu, makucha yamo ndani, akampangusa Shangazi Mashavu vumbi tu. "Ahsante, baba," akasema Shangazi, na jabali zima likavunjika mbavu.

Wakati wanacheka, Mize akatoka.

Siwatu alihisi ubaridi tumboni, akatazama, Mize hayupo. Mize yuko katikati ya bamba, anakwenda mbio kwa vimiguu vyake, amezipenda njuga. Siwatu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Maneno yake yote, yale yanayokanyagana, hata moja halikuja.

Chui akamwona mtoto. Huyu ndiye aliyeapa kumla wa kwanza. Akainamisha kichwa; kola ikamzuia. Akapiga magoti, mguu mmoja mmoja, mpaka mdomo ukafika. Akaufungua. Kola ilikuwa imembana taya, na mdomo ukafunguka kadiri ya mtu anayeonja uji wa moto, basi. Mize akamtazama meno. Kisha akashika njuga ya kifuani, akaivuta. Chaka! Akafurahi, akaivuta tena. Chaka!

Siwatu alikwenda. Baadaye aliapa kwamba hakujua miguu ile ni ya nani. Akaingia chini ya kidevu cha Chui, akamkamata Mize kwa meno, shingoni, na alipotaka kugeuka akasikia sauti ya chini inatoka ndani ya kola.

"Mama watoto."

Akaganda.

"Mama watoto, nifungue. Mafundo yako mgongoni, siyafikii. Nifungue kidogo tu, nikule, kisha utanifunga tena."

Siwatu akamweka Mize chini, akamkanyaga asiondoke. Na maneno yakarudi.

"Mjomba ningependa, wallahi ningependa, lakini shujaa anavuliwa mbele ya watu? Tena mimi sijui mafundo, mafundo ni ya mnana, na mnana wameshahama, wako ng'ambo ya bonde, na wewe usikae hapo Mjomba, watu wanangoja utoke, shujaa akishamaliza hutoka, akikaa sana watu wanamzoea."

Chui akawatazama watu. Kweli walikuwa wakingoja, na makofi yanaendelea. Akainuka, akanyoosha shingo, akageuka kwa madaha. Na alipogeuka, joho likageuka nyuma yake likaizunguka miguu yote minne.

Kibuu, chaka, ko! Kibuu, chaka, ko! Akateremka jabali zima namna hiyo mpaka chini. Pimbi wakasimama wote kwa pamoja. Walikuwa hawajapata kuona mwisho mzuri kama ule.

Siwatu hakungoja kupongezwa. Mchana ule ule alihamisha watoto, akatafuta ufa mrefu, mrefu mara mbili ya mkono wa Chui, akaukagua, akaukagua tena, ndipo akakaa akalia.

Na Chui? Chui alikwenda kuwatafuta mnana. Kila alipopita alisikika kabla hajafika, na swala badala ya kukimbia walitoka vichakani kumtazama, wanaitana, "Njooni, njooni, yule anapita!" Akawa anakula panzi, wale waliotua wenyewe kwenye kola. Akakonda, lakini ndani ya joho nani angejua?

Mwishowe akawapata. Mnana walikuwa wanafuma juu ya dimbwi. "Bwana Chui, pole," wakasema. "Kaa tukuvue, ni kazi ya dakika moja." Akakaa. Fundo la kwanza likafunguliwa, kisogoni, na kola ikalegea, na kwa mara ya kwanza tangu avae, akaweza kutazama chini.

Akaliona dimbwi. Na ndani ya dimbwi akaona kilemba, na mabega, na joho linavyometameta juani, na uso mwembamba wenye macho makubwa, uso wa mtu aliyepitia mambo.

"Ngojeni kwanza," akasema Chui. "Hebu kazeni hapo."

Basi funzo la hadithi hii ni kwamba, watoto wangu, vaeni. Mkiletewa vazi msiulize linavuliwa vipi, wala msiulize mtakaaje, mtakulaje, mtakimbiaje. Mwenye kupendeza hafikwi na baya. Tena msiwe waoga, na msiseme mbio mbio. Mwoga na mwenye maneno ya haraka hawajapata kumfaa mtu yeyote duniani.

Hapo ndipo hadithi ilipochoka ikakaa. Tamu yake imezeni, chungu yake nitemeeni mimi.