Samli Iliyopita Mlango wa Nyuma

"Kijiko kizima cha samli," Ini alisema, "halafu mimi naletewa makombo?"

Ini ndiye dada mkubwa ndani ya mwili wa Bi Mwanatumu. Chakula karibu chote kikishasagwa hupita kwanza mlangoni kwake, na kazoea hivyo. Siku hiyo Bi Mwanatumu alikula ubwabwa wa samli. Ini akangoja. Sukari ya ubwabwa ikapita. Samli haikupita. Kuuliza, akaambiwa imetokea nyuma, ikapanda na njia ya limfu, yale majimaji ya mwilini yenye mifereji yake mbali na ya damu, mpaka karibu na shingo, ikaingia kwenye damu huko, na Moyo na Misuli wameshakula.

Akapigwa na bumbuwazi. "Moyo? Kwani Moyo kafanya kazi gani hapa?"

Hakufanya. Waliofanya ni watatu.

Ini alitoa nyongo. Samli ilikuja imeshikamana, inaelea, haishikiki. Nyongo ikaivunja ikawa vitone vidogo sana.

Kongosho, mdogo wake, alivimwagia vitone hivyo maji yake makali, akavikatakata. Bila yeye vingeishia chooni.

Utumbo Mwembamba, kitinda mimba, alivipenyeza vipande ukutani mwake, akaviunga upya, akavifunga vifurushi na kuvisukuma kwenye limfu.

"Kumbe mlango wa nyuma umeufungua wewe," Ini akamwambia. "Wewe niliyekulea."

"Vifurushi ni vinene, dada. Kwenye vijishipa vya kuja kwako haviingii. Na nyongo yako si tunakurudishia karibu yote? Wewe hukutoa, uliazimisha."

Kongosho akaguna. "Afadhali yeye anarudishiwa. Yangu yakimwagika, yamekwenda."

"Na mimi ngozi yangu ya ndani inabanduka kila baada ya siku chache," Utumbo akasema. "Mlishawahi kuniuliza?"

Wamezaliwa tumbo moja, wanaishi nyumba moja, na hakuna aliyekuwa akijua gharama ya mwenziwe.

Sasa wamegoma. Wanataka mmoja wao atajwe, ale fungu la kwanza kabla ya Moyo. Asipotajwa, samli ya Bi Mwanatumu itatoka kama ilivyoingia, naye atakonda huku anakula.

Wewe unayesikiliza, ungempa nani? Usiniambie wagawane sawasawa. Hilo ni jibu la mtu anayeogopa lawama. Mimi hadithi nimekupa nzima, sikuficha kitu. Jibu unadaiwa. Taja jina moja.